MS na kusahau: kabla hujapakua michezo ya ubongo

Mtu mwenye multipo sklerosisi, au MS kama wengi wanavyouita, akianza kulalamika kwamba anasahau, nyumbani mambo matatu hufanyika haraka. Ananunuliwa daftari, anawekewa alamu kwenye simu, na mtoto wa shule anampakulia programu ya michezo ya ubongo. Baada ya wiki chache daftari halijulikani liko wapi, alamu zinazimwa kabla hazijasomwa, na michezo imekwama ngazi ya pili. Ndugu wanasema hajitumi. Kumbe tiba imetolewa kabla tatizo halijajulikana. Wengi wa watu hawa hawasahau kwa namna tunayodhani. Taarifa yenyewe haikuingia vizuri tangu mwanzo.

MS hutokea kinga ya mwili inapoishambulia mayelini, ganda linalozunguka nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Uzi uliopoteza ganda hupitisha ujumbe kwa kusuasua, na mwingine haupitishi kabisa. Kati ya asilimia 40 na 65 ya wenye MS hupata upungufu wa kiwango fulani wa utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri, kuzingatia na kukumbuka. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, alishaona kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake zimedhoofika na mawazo yao yanakuja polepole. Hata hivyo, kwa miongo mingi iliyofuata MS ilibaki ugonjwa wa miguu na macho. Hata leo kliniki utaulizwa unatembeaje kabla ya kuulizwa kama bado unapiga hesabu ya chenji bila shida.

Kinachopungua kwanza kwa wengi ni kasi ya kuchakata taarifa. Chukua dirisha la dawa. Mfamasia anasema: "Hii mbili kutwa mara tatu, hii moja usiku, hii utameza siku tano tu, na hii usinywe na maziwa." Ni sekunde chache tu. Mgonjwa bado anaipanga ile ya kwanza kichwani wakati ya nne inapita. Akifika Mbagala anayo moja, na nyumbani wanasema kasahau tatu. Wala hakuzisahau, hakuwahi kuwa nazo. John DeLuca na wenzake, watafiti wa New Jersey nchini Marekani, walilionyesha hili tangu miaka ya 1990: watu wenye MS walihitaji kurudiwa orodha ya maneno mara nyingi zaidi ili waishike, lakini wakishaishika, baadaye waliikumbuka karibu sawa na watu wasio na ugonjwa. Ndiyo maana nguvu kubwa ya utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa shughuli zake, inapaswa kwenda pale taarifa inapoingia.

Lugha kwa kawaida haiguswi sana, na mambo ya zamani yapo. Mtu anaongea vizuri, anatania, anakumbuka nani alikaa wapi kwenye harusi ya miaka ishirini iliyopita. Kisha anashindwa kufuata maongezi ya watu watatu mezani. Hapo ndipo anapoanza kutoaminiwa, na mtaani hakukosekani mtu wa kusema karogwa.

Vinavyojificha nyuma ya MS

Kabla ya zoezi lolote, ondoa kwanza vitu vingine vinavyopunguza kasi ya kichwa, kwa sababu baadhi yake hutibika ndani ya wiki. Sonona ni ya kwanza kuangaliwa. Ni ya kawaida sana kwenye MS na hula umakini. Usingizi ni wa pili. Uliza hasa mtu anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, maana kibofu chenye haraka kinaweza kumwamsha mara nne na asubuhi akaonekana mzito wa akili.

Kisha mfuko wa dawa umwagwe mezani wote. Oksibutinini ya kibofu na amitriptilini, inayoandikwa sana kwa maumivu ya neva, zote mbili huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa kumbukumbu. Baklofeni ya misuli iliyokaza, gabapentini na pregabalini huleta usingizi. Mtu anayemeza tatu kati ya hizo kwa pamoja hawezi kupimwa kumbukumbu kwa haki. Lakini asiache mwenyewe. Baklofeni ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege na maruweruwe. Orodha apelekewe daktari, na kupunguza kupangwe hatua kwa hatua.

Vipimo vya damu vya vitamini B12, tezi ya koo na VVU vina nafasi yao, kwa kuwa vyote vitatu vinaweza kugusa utambuzi. Na hapa Dar kuna moja ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana: malaria. Homa ya aina yoyote, iwe ya malaria au ya maambukizi ya njia ya mkojo, huzidisha dalili zote za MS kwa muda. Mtu aliyekuwa sawa Jumapili, halafu Jumatano hajui afanye nini na rimoti ya televisheni, apimwe homa, malaria na mkojo kwanza, kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba MS imelipuka upya.

Kupima bila kujidanganya

Kipimo kinachotumika zaidi ni SDMT (Symbol Digit Modalities Test), cha kasi ya kuchakata taarifa. Karatasi ina alama tisa, kila moja na namba yake kuanzia 1 hadi 9. Chini yake alama zimepangwa safu kwa safu bila namba, na mtu anataja namba ya kila alama kwa haraka awezavyo kwa sekunde 90. Jumla ya majibu sahihi ndiyo alama yake. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2018 yanasema kila mwenye MS apimwe hivi angalau mara moja kwa mwaka, hata kama halalamiki. Ukitaka picha pana zaidi ipo BICAMS, mkusanyiko wa vipimo vitatu uliopendekezwa mwaka 2012: SDMT, kujifunza orodha ya maneno 16 kwa kusomewa mara tano, na kuchora kwa kumbukumbu maumbo sita yaliyoonyeshwa kwa sekunde 10, mara tatu. Yote huchukua kama dakika 15.

Jedwali la alama "za kawaida" zinazokuja na vipimo hivi limetengenezwa kwa watu wa nchi za Magharibi na shule zao. Aliyeishia darasa la saba Temeke ukimlinganisha na jedwali la Marekani utampa upungufu asio nao. Njia salama ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: chukua kipimo cha mwanzo akiwa ametulia, rudia baada ya miezi, hali zikiwa zilezile. Saa ileile ya asubuhi, miwani ileile, chumba kilekile, mpimaji anayetumia lugha ileile. Kushuka kwa alama 4 au zaidi kwenye SDMT huchukuliwa kuwa badiliko lenye maana. Kupanda kidogo mara ya pili kusikufurahishe haraka, maana mtu huzoea karatasi.

Angalia pia macho na ulimi. Aliyewahi kupata uvimbe wa neva ya jicho huenda hazioni alama vizuri, na mwenye ulimi mzito atataja namba polepole ilhali kichwa kinakwenda. Zote mbili hushusha alama bila kosa la utambuzi. Usitegemee sana dodoso la mgonjwa mwenyewe. Majibu yake hufuata hali ya moyo kuliko uwezo halisi. Muulize na anayeishi naye.

Vikao kumi vya picha na hadithi

Kwa tatizo la kujifunza mambo mapya, njia yenye ushahidi mzuri ni ile ya picha na hadithi. Nancy Chiaravalloti na wenzake waliipima kwa watu 86 wenye MS na kutoa matokeo mwaka 2013. Ni vikao 10, viwili kwa wiki, kwa wiki tano, kila kimoja kati ya dakika 45 na saa moja. Haihitaji kompyuta. Inahitaji karatasi, kalamu na mtu mvumilivu.

Vikao vinne vya kwanza hufundisha kutengeneza picha. Mtu anapewa hadithi fupi iliyojaa vitu vinavyoonekana: "Babu mwenye kanzu ya kijani amebeba jogoo mweupe begani. Anavuka daraja la mbao. Jogoo anaruka, anatua kwenye mkokoteni wa machungwa." Anasoma sentensi moja, anafumba macho, anaeleza kwa sauti anachokiona: kanzu ni ndefu kiasi gani, jogoo kakaa bega lipi, machungwa mangapi yameanguka. Ndipo anaendelea na sentensi ya pili. Mwishoni karatasi inafunikwa na anasimulia. Anayesimamia anaandika alichokiacha, kisha wanarudi kuikuza picha ya hapo palipopotea.

Vikao vinne vinavyofuata vinageuza kazi. Sasa anapewa maneno yasiyohusiana, atunge hadithi yake mwenyewe kisha aione. Mfano: sabuni, pasi, mchicha, betri, kandambili. "Nimevaa kandambili, nikaukanyaga mchicha wa mtu sokoni, nikaufua kwa sabuni, nikaupiga pasi, pasi ikagoma kwa sababu inatumia betri." Upuuzi unaruhusiwa, tena unasaidia. Vikao viwili vya mwisho ni vya maisha yake: orodha ya Kariakoo, maelekezo ya daktari, majina ya wajumbe wapya wa kikoba.

Inapoharibika, mara nyingi huharibikia mahali pamoja. Msimamizi anaona mtu anasuasua, anamtungia picha. Hapo faida imepotea, kwa kuwa kitu mtu alichokizalisha mwenyewe hushika kuliko alichopewa. Kosa jingine ni kukimbiza: sentensi mbili zikisomwa mfululizo bila kufumba macho, tumerudi kwenye dirisha la dawa. Na wapo wasioona picha kichwani kabisa. Hao wachore, hata kwa vijiti.

Kwenye kila kikao ongeza mambo mawili madogo. Kutawanya: jambo jipya lirudiwe baada ya dakika 5, kisha 15, kisha jioni, kisha kesho yake, badala ya mara kumi kwa mpigo. Na kujiuliza: kabla ya kufungua daftari, mtu ajaribu kwanza kulitoa kichwani. Isipokuwa kwa mwenye upungufu mkubwa sana. Yeye akibahatisha vibaya, kosa lenyewe ndilo linaloshika, kwa hiyo apewe jibu sahihi mapema na arudie lililo sahihi tu.

Yapo mambo ya kuondoa kichwani kabisa

Si kila kitu kinastahili kufundishwa kumbukumbu. Namba ya LUKU, ile ya kuingiza umeme kwenye mita, ina tarakimu 20. Mwenye MS anayejaribu kusoma sita, kugeuka kwenye mita, kubonyeza, kurudi kwenye simu kutafuta alipoishia, huku mtu anamuuliza kama chakula kiwekwe, atakosea. Nafasi ya kushikilia vitu kwa muda mfupi imejaa. Hapa hakuna haja ya hadithi ya jogoo.

Andika namba kwenye karatasi, mafungu matano ya tarakimu nne, kila fungu mstari wake. Zima televisheni na omba watu wanyamaze. Funika mistari ya chini kwa kadi au kidole. Soma fungu la kwanza kwa sauti, libonyeze, tazama kioo cha mita kama linafanana, kisha ndipo ushushe kadi. Ukikatizwa katikati ya fungu, futa fungu hilo tu. Utaratibu huohuo wa mafungu, kufunika na kuhakiki unafaa kwenye namba ya malipo ya serikali na kwenye kutuma pesa kwa simu, ambako hatua ya ziada ni kusoma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri.

Daftari nalo lina kanuni zake, na hufeli kwa sababu hutolewa bila kufundishwa. Liwe moja tu, dogo la kuingia mfukoni au kwenye mkoba, lifungwe kalamu kwa uzi. Lisiwe na sehemu zaidi ya tatu: ya leo, ya kununua, ya kuuliza daktari. Lina saa zake za kufunguliwa, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi, saa saba mchana na baada ya chakula cha usiku, zikiwa zimefungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo kila siku. Wiki ya kwanza fundisha kulifungua tu kwa saa hizo, hata kama hakuna kilichoandikwa. Kuandika kunakuja wiki ya pili. Anayelazimishwa yote siku moja ndiye anayelisahau kwenye daladala.

Alamu isomeke kama agizo. "Dawa" haisemi kitu; "Meza kidonge cheupe sasa, ukiwa umesimama hapo" inasema. Alamu moja kwa tendo moja, na haizimwi mpaka tendo liishe. Kama haiwezekani sasa hivi, iahirishwe dakika kumi. Zikizidi nne au tano kwa siku, zinageuka kelele.

Kuhusu kompyuta na simu janja

Mazoezi ya kompyuta yanafanya kazi kwa kipimo chake, na hicho kipimo ndicho ambacho hakuna anayekitaja. Kwenye jaribio la Leigh Charvet na wenzake la mwaka 2017, watu 135 wenye MS walifanya mazoezi nyumbani, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12: lengo saa 60. Programu ilikuwa inajipandisha ugumu kadiri mtu anavyofanya vizuri, na kuna aliyekuwa akiwafuatilia kwa mbali. Wengine kati yao walipewa michezo ya kawaida ya kompyuta ili kulinganisha, na hao hawakupanda kama wenzao. Dakika kumi unaposubiri mwendokasi Kimara hazifanani na hilo hata kidogo.

Na tusiuze ndoto. Jaribio kubwa la Uingereza lililotolewa mwaka 2020, watu 449 wakihudhuria au kutohudhuria vikao 10 vya kikundi, liliona malalamiko ya kusahau yakipungua kidogo, lakini ubora wa maisha baada ya mwaka haukubadilika kwa maana. Mwaka 2023 likaja jingine la nchi kadhaa kwa watu 311 wenye MS inayozidi taratibu: mazoezi ya kompyuta pamoja na ya mwili, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, hayakuzidi mazoezi ya kuigiza, yaani yale yaliyowekwa ya kulinganishia tu. Kwa maoni yangu fundisho ni kuchagua jambo moja la maisha ya mtu na kulipima lenyewe. "Kumbukumbu iimarike" halipimiki. "Kwa wiki nne anunue umeme mwenyewe bila kukosea zaidi ya mara moja" linapimika, na mtu mwenyewe analiona.

Joto, safari na watu wa nyumbani

Wilhelm Uhthoff, daktari Mjerumani wa macho, alieleza mwaka 1890 jinsi dalili za wagonjwa wake zilivyozidi baada ya mazoezi ya mwili. Baadaye ikafahamika kwamba chanzo ni joto la mwili kupanda: nusu digrii tu inatosha kukwamisha ujumbe kwenye uzi uliopoteza mayelini. Kwa Dar, kati ya Desemba na Machi, hili huharibu vikao vingi kuliko uvivu. Weka kikao saa mbili au saa tatu asubuhi. Mtu aliyesimama kwenye basi lililojaa kutoka Gongo la Mboto apumzike dakika 20 chini ya feni, anywe maji baridi, ajiwekee shingoni taulo lililoloweshwa, ndipo aanze. Umeme ukikatika na chumba kikawa tanuri, ahirisheni. Kikao cha simu ya video asubuhi akiwa kwake kina thamani kuliko cha ana kwa ana saa tisa alasiri.

Kutembea na kufikiri hugombania nafasi ileile. Mwenye MS anayeongea na simu huku anavuka barabara ya Morogoro hupunguza mwendo au hupoteza usawa bila kujua. Simu ikiita, asimame pembeni, au isipokelewe. Bodaboda hazisubiri.

Nyumbani, agizo moja kwa wakati, kisha kimya cha sekunde kadhaa. Msimmalizie sentensi. Kumrudisha mtu aseme alichosikia ni njia nzuri sana ya kuhakikisha kimeingia, ila mtoto hawezi kumwambia mama yake "rudia nilichosema" kama mwalimu. Husemwa vingine: "Mama, hebu tukubaliane tena, kesho tunaanza na wapi?" Mama anajibu kwa maneno yake, na kama kuna kilichoachwa kinaonekana bila yeyote kuaibika. Kazini, omba maelekezo kwa maandishi na kazi nzito za hesabu zihamie asubuhi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwenye ajira, na barua ya daktari husaidia mazungumzo hayo yaanze vizuri.

Kwa anayeanza sasa, njia ya kawaida ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, kama wale wa Muhimbili, na aombwe waziwazi rufaa ya tiba kazi (tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku) na ya mwanasaikolojia. Asiposema kwamba ana tatizo la kufuata maongezi au kupanga siku, anaweza kutoka na rufaa ya fiziotherapia peke yake.

Vikao 10 vikiisha, rudia kipimo cha mwanzo na lengo mlilochagua, kisha wekeni kikao kimoja cha kukumbushana kila mwezi. Alama za SDMT zikishuka 4 au zaidi, hakuna homa, hakuna dawa mpya, usingizi uko sawa, usiongeze mazoezi. Mrudishe kwa daktari ndani ya siku chache: MS inaweza kushambulia utambuzi bila kugusa mguu wala jicho, na hapo kinachohitajika ni MRI, picha ya ndani ya ubongo, na kuangalia upya dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe. Aende na karatasi zote mbili za kipimo, ya zamani na mpya, zikiwa na tarehe na saa.